Sanduku la Vifaa vya Historia ya Atomi: Tathmini Baada ya Muhula Mmoja na Kidato cha Sita

Kati ya vifaa saba vilivyomo ndani ya sanduku hili, kimoja tu, mrija mwembamba wa kioo uliojazwa gesi ya haidrojeni, kimeleta darasani jambo ambalo kwa miaka kumi na mitatu ya kufundisha fizikia nilikuwa nikilichora ubaoni kwa chaki na kuwaomba wanafunzi waniamini. Vitatu vingine vinafaa, mradi mwalimu avirekebishe kwanza. Vitatu vilivyobaki nisingevinunua kama vingeuzwa peke yake, kwa sababu kasoro zake ni za maarifa yenyewe, na kasoro ya namna hiyo ni mbaya kuliko plastiki iliyopasuka, kwa kuwa mwanafunzi huondoka nayo kichwani.

Shule yetu ni ya bweni, mkoani Morogoro, na ina mikondo miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita inayosoma fizikia. Sanduku tuliliagiza kwa muuzaji wa vifaa vya maabara aliyeko Dar es Salaam kwa Sh 1,350,000, fedha zilizochangwa na wazazi kwa muda wa mwaka mzima, na ndiyo maana nimeona ni wajibu wangu kuandika kwa urefu: shule nyingine inayofikiria kutumia kiasi kama hicho inastahili kujua inapata nini. Mzigo ulifika baada ya wiki tano, umefungwa vizuri ndani ya sponji, hakuna kioo kilichovunjika. Mrija wa akiba uliotajwa kwenye orodha haukuwemo, nasi tuliupata baada ya kupiga simu mara tatu.

Kabla ya kukigusa kifaa kimoja kimoja, nieleze kipimo nilichotumia. Mada ya Fizikia ya Atomi hufundishwa kwa mazoea kama orodha ya majina: Dalton, Thomson, Rutherford, Bohr, kila mmoja na mchoro wake, na kila mchoro ukifutwa na unaofuata. Mwanafunzi hukariri michoro minne, akajibu swali la mtihani, na hajui hata siku moja kwa nini mtu mwenye akili timamu aliacha mchoro wa kwanza akachukua wa pili. Ukweli ni kwamba kila kielelezo kilizaliwa kutokana na kitu kilichoonekana kwa macho ndani ya chumba fulani, mara nyingi chenye giza: mwale uliopinda, nukta ya mwanga iliyotokea mahali isipotarajiwa, mistari ya rangi isiyo na maelezo. Kwa hiyo kila kifaa nilikiuliza swali moja: je, kinamwonyesha mwanafunzi kile walichokiona wao, au kinampa jibu walilofikia baadaye?

Tufe la sponji linashindwa swali hilo mapema. Ni tufe jekundu lenye kipenyo cha sentimita 15, lililochomekwa bila mpango wowote shanga 12 za bluu zinazowakilisha elektroni, yaani chembe ndogo zenye chaji hasi, na kijitabu kinasema kwamba ndivyo J. J. Thomson alivyoifikiria atomi, kama keki yenye zabibu kavu. Maelezo hayo yameenea mno, lakini yanamdhulumu Thomson. Katika makala yake ya mwaka 1904 hakuzitawanya elektroni ovyo. Alizipanga katika pete zinazozunguka ndani ya tufe la chaji chanya, akakokotoa ni ngapi zinaweza kukaa katika pete moja bila mpangilio kuvurugika, akaona kwamba tano zinatulia ila ikiongezwa ya sita lazima moja iingie katikati. Alitumaini kwamba pete hizo, moja ndani ya nyingine, zingeeleza kwa nini tabia za elementi hujirudia kila baada ya hatua fulani katika jedwali. Tumaini hilo halikutimia kwa njia aliyoidhania, lakini wazo la kwamba kemia inatokana na namna elektroni zinavyojipanga kwa matabaka lilibaki, na bado tunalifundisha kila siku.

Zaidi ya hesabu, Thomson alielekeza wasomaji wake kwenye jaribio ambalo Mmarekani Alfred Mayer alilifanya mwaka 1878 kwa sindano za sumaku zinazoelea juu ya maji. Jaribio hilo halimo sandukuni, na gharama yake haifiki shilingi elfu tatu. Tulichukua sindano za kushonea, tukazisugua kwa sumaku zote kuelekea upande mmoja ili ncha za aina moja ziwe juu, tukazichomeka zikiwa wima katika vipande vidogo vya kandambili zilizochakaa, tukaziacha zielee katika beseni, kisha tukashikilia sumaku kubwa juu ya maji ili izivute kuelekea katikati wakati zenyewe zikisukumana. Sindano tatu zilijipanga pembetatu, nne zikafanya mraba, tano zikafanya pembetano. Tulipotia ya sita, moja ilisogea polepole hadi katikati na tano zikabaki zimeizunguka, na darasa zima likanyamaza. Hapo mwanafunzi anaelewa kwamba kielelezo cha Thomson kilikuwa kazi ya kina ya mtu aliyetafuta mpangilio unaoweza kusimama wenyewe. Tufe la sponji sasa linakaa kabatini.

Kifaa cha pili ni mrija wa miale ya kathodi, yaani miale inayotoka kwenye ncha hasi ya umeme, ulioondolewa hewa, wenye bamba ndani lililopakwa dawa inayong'aa kijani pale miale inapoligusa. Ukiuwasha katika chumba chenye giza unaona mstari mwembamba wa kijani umenyooka. Ukisogeza sumaku, mstari unapinda. Ukigeuza sumaku, unapinda upande wa pili. Ni kifaa kizuri, na wanafunzi walitaka kukirudia mara nyingi kuliko muda ulivyoruhusu. Hata hivyo kinaonyesha nusu tu ya hoja. Kwamba sumaku hupinda miale hiyo lilikuwa jambo linalojulikana kabla ya Thomson, na ubishi wa wakati ule ulikuwa kama miale yenyewe ni mawimbi au ni chembe zenye chaji. Heinrich Hertz alikuwa amejaribu kuipinda kwa umeme, akiipitisha kati ya mabamba mawili yenye chaji, akashindwa, kwa sababu hewa iliyosalia ndani ya mrija wake ilikuwa bado nyingi, nayo ilipitisha umeme na kuizima nguvu ya mabamba. Thomson, katika Maabara ya Cavendish huko Cambridge, alipunguza hewa zaidi, na mwaka 1897 miale ikapinda kwa umeme pia. Kwa kusawazisha nguvu ya umeme na ile ya sumaku alipata uwiano wa chaji na tungamo la chembe hizo, akakuta kwamba haubadiliki hata abadilishe gesi iliyomo au metali ya kathodi. Hicho ndicho kiini cha ugunduzi: chembe ile ile imo ndani ya kila kitu.

Mrija wa sanduku hili hauna mabamba mawili ya umeme. Kuyaongeza kungekuwa kazi ndogo kwa mtengenezaji, na kungempa mwanafunzi wa Kidato cha Sita nafasi ya kuukaribia mwenyewe uwiano tunaoujua leo, takriban kulombi 1.76 × 10¹¹ kwa kila kilogramu. Bila mabamba hayo, kinachobaki ni onyesho zuri lisilo na kipimo. Mwalimu atakayeutumia akumbuke pia kwamba mirija ya aina hii, ikipewa volti nyingi, inaweza kutoa eksirei hafifu. Kijitabu hakisemi lolote juu ya hilo. Mimi niliwaweka wanafunzi umbali wa mita mbili na sikuuacha ukiwaka zaidi ya dakika moja kwa wakati.

Kilima cha Rutherford ndicho kifaa kilichonifurahisha kwa namna ambayo sikuitarajia. Ni ubao wa mraba wenye kilima cha plastiki katikati, mteremko wake umechongwa ili urefu wake upungue kwa kadiri umbali kutoka katikati unavyoongezeka, yaani mara mbili ya umbali ni nusu ya urefu, na hilo ni sahihi kabisa, kwa sababu nishati ya gololi inayopanda mlima wa umbo hilo hubadilika kama ile ya chembe ya alfa (chembe yenye chaji chanya inayotolewa na elementi zenye mionzi) inayokikaribia kiini cha atomi, chenye chaji chanya pia. Gololi za chuma huachiwa kutoka kwenye kijia chenye vituo vitatu vya urefu. Aliyekichonga kilima hiki alijua fizikia yake, nami nampongeza.

Tatizo ni kwamba mwanafunzi anakiona kilima. Hans Geiger na Ernest Marsden, walipokaa gizani katika maabara ya Rutherford huko Manchester mwaka 1909, wakirusha chembe za alfa kwenye mabamba membamba ya metali na kuhesabu kwa hadubini vimulimuli vya mwanga kwenye kioo kilichopakwa zinki salfaidi, hawakuwa na kilima cha kutazama. Marsden alikuwa bado mwanafunzi, mwenye umri wa miaka 20. Walichokuwa nacho ni hesabu ya nukta: chembe nyingi mno zikipita karibu bila kugeuka, na chache sana, takriban moja kati ya 8000 walipotumia bamba la platini, zikirudi upande zilikotoka. Kwa kielelezo cha Thomson, ambamo chaji chanya imesambaa ndani ya atomi nzima, jambo hilo halikuwezekana, na ilimchukua Rutherford hadi mwaka 1911 kuandika kwamba chaji hiyo lazima iwe imekusanyika mahali padogo mno katikati.

Kwa hiyo nilikifunika kilima kwa kartoni iliyoinuliwa juu ya vipande vinne vya mbao, gololi zikawa zinaingia upande mmoja na kutoka popote zinapotoka, na wanafunzi hawakuambiwa kuna nini chini yake. Kundi moja liliviringisha gololi mara 100: 81 zilipita zikiwa zimenyooka au karibu ya hapo, 15 ziligeukia pembeni, 4 zilirudi. Walipoziachia kutoka kituo cha juu, ambako huingia kwa kasi zaidi, zilizogeuka zikapungua. Kutokana na hayo peke yake, bila msaada wangu, walichora kitu chenye ncha katikati ambacho ni chembamba juu na kipana chini. Binti mmoja alisema kwamba kama kingekuwa ukuta wenye kingo zilizonyooka, kasi isingeleta tofauti, na sina la kuongeza juu ya hoja hiyo. Mtengenezaji angeweza kutia kifuniko cha plastiki nyeusi kwa gharama ndogo, na kifaa kingekuwa bora maradufu.

Hata hivyo vipimo vya kilima havina uhusiano na vipimo vya atomi, na ni lazima mwalimu aseme hivyo kwa sauti. Kilima kinachukua karibu theluthi ya ubao. Katika atomi ya dhahabu, kiini ni kidogo kuliko atomi yenyewe kwa takriban mara elfu ishirini, kwa hiyo kama atomi ingekuwa na upana sawa na urefu wa uwanja wetu wa mpira, kiini kingekuwa punje ya mtama katikati ya uwanja. Tuliiweka punje hiyo, tukasimama golini kuitazama, na bila shaka hakuna aliyeiona.

Sasa nije kwenye kifaa ambacho muuzaji alikipigia debe kuliko vyote, nacho ni dhaifu kuliko vyote: atomi ya plastiki yenye kiini chekundu na pete nne zinazobeba vijitufe vya elektroni. Kinapendeza machoni, kinazunguka kwa mkono, na kila mgeni anayeingia maabara hukishika. Lakini pete zake zimepangwa kwa nafasi sawa, sentimita nne kati ya kila moja na inayofuata, wakati ambapo katika kielelezo cha Bohr nusu-vipenyo vya mizingo, yaani njia za duara ambazo elektroni hupita, hukua kwa namba za mraba: 1, 4, 9, 16. Mzingo wa kwanza wa haidrojeni uko nanomita 0.053 kutoka kwenye kiini, wa pili 0.212, wa tatu 0.476, wa nne 0.847. Anayekiangalia kifaa hiki hujifunza kinyume cha kile Bohr alichokisema. Tulilazimika kukunja pete mpya kwa waya wa kawaida, zenye nusu-vipenyo vya sentimita 2, 8, 18 na 32, na mara moja umbo lote likabadilika: elektroni iliyopanda hadi mzingo wa nne iko mbali kabisa, na wanafunzi wanaelewa kwa nini atomi iliyochangamshwa ni kubwa na rahisi kupokonywa elektroni yake.

Kuna upungufu mwingine wa kifaa hicho ambao waya hauwezi kuurekebisha. Sayari ya plastiki inayozunguka kwa utulivu inaficha swali gumu kuliko yote ya wakati ule. Kwa nadharia ya umeme na sumaku iliyokubalika, chaji inayozunguka inapaswa kutoa mionzi na kupoteza nishati, na elektroni ya Rutherford ingeanguka ndani ya kiini kwa muda wa karibu sekunde 10⁻¹¹. Kwa maneno mengine, atomi ya Rutherford isingeweza kuwepo. Niels Bohr, kijana wa Kidenishi aliyepitia Cambridge na kisha Manchester, aliamua kwamba ipo mizingo maalumu ambamo elektroni haitoi mionzi hata kidogo, na kwamba mwanga hutoka tu inaposhuka kutoka mzingo mmoja hadi mwingine. Amri hiyo ilikuwa ya kijasiri hadi kufikia ukaidi. Kwa nini mtu yeyote aikubali? Jibu halimo katika plastiki. Limo katika mrija wa haidrojeni, na hapo ndipo ninapotaka msomaji wangu akae nami kwa muda.

Mrija wenyewe una urefu wa sentimita 26, mwembamba katikati kama unyasi, na unaingia katika kishikio chenye umeme wa takriban volti 5000. Pamoja nao kuna fremu ishirini za karatasi ngumu, kila moja ikiwa na kipande cha plastiki angavu chenye mikwaruzo 500 kwa kila milimita, ambayo hutawanya rangi za mwanga. Tuliziba madirisha ya maabara kwa mablanketi ya bweni. Kwa macho matupu mrija uling'aa rangi ya waridi yenye zambarau. Kisha kila mwanafunzi aliinua fremu yake jichoni na kutazama pembeni mwa mrija, na badala ya upinde wa mvua aliouzoea kwenye balbu ya kawaida aliona giza lenye mistari: mmoja mwekundu mkali, mmoja wa buluu-kijani, mmoja wa zambarau, na kwa wale wenye macho mazuri wa nne hafifu, karibu na ukingo wa kile jicho linachoweza kuona. Nimefundisha mistari hiyo mara nyingi nisiyoweza kuhesabu. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona pamoja na darasa, na sioni aibu kusema kwamba nilihitaji dakika kadhaa kabla ya kuendelea na somo.

Uzuri wa kifaa hiki ni kwamba kinapimika kwa rula. Tuliweka mrija ukutani, fremu umbali wa mita moja kamili, na rula ya mita ikiwa imelala kando ya mrija. Kundi la kwanza liliona mstari mwekundu ukiangukia sentimita 34.6 kutoka kwenye mrija, wa buluu-kijani sentimita 25.0, wa zambarau sentimita 22.2. Kwa hesabu ya pembe wanayoijua tangu Kidato cha Nne, walipata urefu wa wimbi wa nanomita 654, 485 na 433. Thamani zinazokubalika ni 656.3, 486.1 na 434.0. Kosa lao halikufika nusu ya asilimia, kwa vifaa vilivyoshikwa mkononi gizani.

Kisha nikawasimulia habari za Johann Balmer, kwa sababu alikuwa mwalimu kama mimi, aliyefundisha hisabati katika shule ya wasichana mjini Basel, Uswisi. Mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 60, alizichukua namba za mistari hii minne na kutafuta kanuni inayoziunganisha, bila kujua chochote kuhusu elektroni wala kiini, ambavyo vilikuwa bado havijagunduliwa. Aliona kwamba ukigawanya kila urefu wa wimbi kwa sehemu fulani, 9/5 kwa mwekundu, 4/3 kwa buluu-kijani, 25/21 kwa zambarau, 9/8 kwa wa nne, unapata namba ile ile, takriban nanomita 364.6. Wanafunzi walifanya hivyo kwa vipimo vyao wenyewe, wakapata 363.3, 363.8 na 364.1. Ukiandika 4/3 kama 16/12 na 9/8 kama 36/32, mpangilio unajitokeza: juu ni 9, 16, 25, 36, na chini ni namba hizo hizo ukitoa 4. Tatu, nne, tano na sita za mraba. Kwa nini gesi ifuate namba kamili? Balmer alifariki mwaka 1898 bila kujua.

Mapema mwaka 1913 mwenzake mmoja alimuuliza Bohr kielelezo chake kinasema nini kuhusu mistari ya spektra, yaani mistari ya rangi kama hii, naye akaiona kanuni ya Balmer, na kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, kila kitu kikawa wazi kwake. Namba kamili za Balmer zilikuwa namba za mizingo. Nishati ya kila ngazi, yaani ya kila mzingo, ni elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) -13.6 ikigawanywa kwa mraba wa namba yake, kwa hiyo ngazi ya tatu ni -1.51, ya pili ni -3.40, tofauti yake ni 1.89, na mwanga wenye nishati hiyo ndio ule mwekundu waliokuwa wameuona dakika ishirini kabla. Neno letu la ngazi linafaa hapa kuliko nilivyowahi kufikiri, mradi mwanafunzi akumbuke kwamba vipago vya ngazi hii hukaribiana kadiri unavyopanda. Walipomaliza hesabu hiyo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini tuikubali amri ya Bohr.

Kasoro za mrija zipo. Mbali na ile mistari mikuu, kuna ukungu hafifu wa rangi unaotoka kwa molekuli za haidrojeni ambazo hazijavunjika kuwa atomi, na wanafunzi wawili waliupima wakidhani ni mstari wa tano. Mrija huchoka: ukiachwa ukiwaka mfululizo, maisha yake hupungua haraka, kwa hiyo tulifuata utaratibu wa sekunde 30 kuwaka na sekunde 30 kupumzika. Kishikio kilikuja na plagi ya pini mbili, nasi tulilazimika kununua adapta, na kwa kuwa umeme wetu hupanda na kushuka nilikiunganisha kupitia stabilaiza. Vituo vyake vya chuma vinavyoshika mrija havijafunikwa vya kutosha. Mwalimu asimruhusu mwanafunzi kubadilisha mrija kabla plagi haijachomolewa.

Pete ya waya inayotikiswa, kifaa cha sita, inahusu wazo la Louis de Broglie la mwaka 1924 kwamba elektroni ina wimbi lake. Kitikisio chake huendeshwa na sauti kutoka kwenye simu, na ukipandisha masafa polepole pete hutetemeka hovyo, kisha ghafla hutulia katika umbo lenye petali tatu, halafu hovyo tena, halafu nne. Hapo mwanafunzi anaona kwamba namba kamili zinaweza kuzaliwa zenyewe, bila amri, kutokana na wimbi linalolazimika kujifunga kwenye duara. Katika mzingo wa kwanza wa Bohr wimbi moja tu linaenea, lenye urefu wa nanomita 0.33. Spika iliyomo ni dhaifu, na nililazimika kuongeza amplifaya ndogo ya redio ndipo petali zikaonekana kutoka viti vya nyuma. Sanduku halina kitu cha kuthibitisha kwamba elektroni hutawanyika kama wimbi, jambo lililoonyeshwa mwaka 1927 na Davisson na Germer nchini Marekani na, kwa upande wake, na George Paget Thomson huko Aberdeen. Huyu wa mwisho ni mtoto wa J. J. Thomson: baba alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906 baada ya kuonyesha kwamba elektroni ni chembe, na mwana aliipata mwaka 1937 kwa kuonyesha kwamba ni wimbi. Vifaa vya jaribio hilo ni ghali, na sitamlaumu mtengenezaji kwa kuviacha.

Kadi zenye picha za mawingu ya elektroni, yanayoonyesha mahali elektroni inapoelekea kupatikana, zinahusu kazi ya mwanafizikia Erwin Schrödinger ya mwaka 1926, na zimechapwa vizuri lakini hazina maelezo. Kadi ya kwanza inaonyesha wingu zito kabisa katikati, penye kiini, na chini yake imeandikwa kwamba elektroni inapatikana zaidi umbali wa nanomita 0.053. Wanafunzi waliona ukinzani, na wana haki. Kauli zote mbili ni kweli, kwa sababu ya kwanza inahesabu kwa kila kipande kidogo cha nafasi na ya pili inajumlisha ganda zima la umbali huo, ambalo ni kubwa zaidi kadiri unavyotoka nje, lakini kadi inayoacha jambo hilo bila sentensi moja ya ufafanuzi inapotosha.

Kijitabu cha mwalimu kina kurasa 24, zote kwa Kiingereza, na kina kosa moja ambalo lazima lisahihishwe kwa kalamu kabla hakijamfikia mwanafunzi: katika mchoro wa ukurasa wa 17 mishale imegeuzwa, ikionyesha elektroni ikitoa mwanga inapopanda. Nilimwandikia muuzaji kuhusu hilo mwezi Machi na bado sijapata jibu.

Kwa shule yenye bajeti ndogo, ushauri wangu ni kununua mrija wa haidrojeni, kishikio chake na fremu za kutawanya mwanga peke yake. Muuzaji alikubali kuvitenganisha nilipomuuliza, kwa Sh 520,000. Kilima cha Rutherford kinaweza kuchongwa na fundi seremala mzuri ukimpa mchoro wa mteremko. Sindano na kandambili zipo kila mahali.

Darasa langu limeuliza kwa nini kanuni ya Bohr, iliyozipata namba za haidrojeni kwa usahihi mkubwa hivyo, ilikwama mara elektroni ya pili ilipoongezwa. Mimi na mwalimu mwenzangu wa kemia tumeagiza mrija wa heliamu. Ukifika, wataupima mstari wake wa njano, nanomita 587.6, ule ule ulioonekana katika mwanga wa jua mwaka 1868, miaka 27 kabla gesi hiyo haijapatikana duniani.